Kokwa Mia Saba za Bakhita

Enzi hizo Kibra ilikuwa bado na msitu, na nyumba za Wanubi zimekaa mbalimbali, kila moja na shamba lake la mahindi. Mtu akifa, iwe Makina, iwe Lindi, iwe Kambi Muru, hata kabla maji ya kumwosha hayajapata moto, kulikuwa na mwanamke mmoja aliyekaza nguo yake ya gurbaba kiunoni akatoka mbio kwenda kwa Bakhita binti Abdelrahim. Hakuhitaji kueleza kitu. Bakhita akimwona tu mtu anakuja hivyo, miguu mitupu na kichwa wazi, aliuliza neno moja: "Mtakuwa wangapi?" Kisha akaingia chumbani kutoa kapu.

Ndani ya kapu hilo mlikuwa na kokwa za tende, mia saba kamili. Mama yake ndiye aliyezikusanya, Ramadhani baada ya Ramadhani, kambi baada ya kambi, tangu askari wa Sudani walipokuwa wakihamishwa huku na huku na Waingereza mpaka wakapewa msitu huu wakae. Kila kokwa ilitoka kinywani mwa mtu aliyefunga, ikaoshwa, ikaanikwa, ikawekwa. Kazi ya kokwa hizo ilikuwa hitima. Wanaume walisoma Kurani msikitini, nao wanawake walikaa nyumbani kwa mfiwa wakamsomea marehemu tahalili, ile "La ilaha illa Llah", mara sabini elfu. Sabini elfu si mchezo, nani atazishika kwa vidole? Basi kila mmoja alivuta tasbihi yake, na akimaliza tahalili mia anatia kokwa moja kapuni. Kokwa mia saba zikirudi zote, sabini elfu zimetimia, na marehemu amefunguliwa njia.

Sheria za yule mama zilikuwa chache, lakini ngumu kama kokwa zenyewe. Kila msomaji apewe sawa na mwenzake, asije mtu kesho kisimani akajidai kwamba yeye alimsomea maiti kuliko fulani. Isibaki kokwa hata moja isiyo na mwenyewe, maana anayebakiza kokwa amemwacha maiti njiani. Na mwenye kapu hasomi. Yeye anagawa, anapokea, na anaangalia mambo yaende.

Bakhita hakujua kusoma wala kuandika, lakini sabini elfu aliijua kama mtu anavyomjua wifi yake. Alijua inampenda nani na inamchukia nani. Saba alikuwa ndugu yake wa tumbo moja: wakija wanawake saba, kila mmoja kokwa mia, maneno yamekwisha. Wakija kumi, sabini sabini. Kumi na nne, hamsini hamsini. Wanane aliwaita watu wa kubembeleza, kwa sababu kila mmoja akipata kokwa themanini na saba zinabaki nne. Basi Bakhita anazivunja zile nne ziwe tahalili mia nne, anampa kila mtu hamsini za juu, na roho za watu zinatulia.

Halafu walikuwepo wale ambao sabini elfu haili nao sahani moja. Tatu na jamaa zake wote ndio hao: sita, tisa, kumi na mbili. Wakija tisa, kila mtu anapata kokwa sabini na saba, zinabaki saba. Haya, zivunje hizo saba ziwe tahalili mia saba, ugawe tena. Kila mtu sabini na saba tena, na tena zinabaki saba zinakutazama. Hapo hakuna njia, kwa kuwa tahalili haivunjwi. Huwezi kumwambia mtu ataje nusu ya jina la Mungu. Kumi na moja ni hivyo hivyo, saba wake haondoki. Na kumi na tatu ndiye mkorofi wao, huyo anabakiza kokwa kumi na moja, ukizivunja anabakiza tahalili nane, wala hana aibu.

Wakija wa namna hiyo, Bakhita hakusumbuka. Alimwambia mmoja akasonge ugali, au akatuma jirani aitwe, namba ikakaa sawa na kazi ikaanza. Miaka yote hiyo hakuwahi kurudisha hitima ya mtu. Lishikeni hilo, maana ndilo lililokuja kumfichua.

Mungu alimpa watoto kadhaa akawachukua wadogo, akamwachia Fadul peke yake. Sasa mtoto wa kambini, baba askari, babu askari, mchezo wake ungekuwa nini kama si gwaride? Mama yake akienda kuteka maji tu, Fadul alilimwaga kapu mkekani akazipanga kokwa. Alizipanga mistari saba, mistari kumi, mistari ishirini ya thelathini na tano. Lakini alichokitaka hasa ni mraba, upande huu sawa na upande ule, kama alivyowaona askari wakisimama siku ya bendera. Na mraba haukutaka. Akipanga mistari ishirini na sita ya ishirini na sita, wanabaki ishirini na wanne hawana pa kusimama. Akiongeza mstari, wanakosekana ishirini na tisa. Mistari ishirini na mitano ya ishirini na nane ilienea wote, na ukifumba jicho moja ungeapa kwamba ni mraba, ila Fadul hakuwa mtoto wa kufumba jicho.

Siku moja Bakhita alimkuta analia juu ya zile ishirini na nne.

"Mama, hawa watakaa wapi?"

"Hao ni walinzi," Bakhita akamwambia, akachuchumaa na mtungi wake kichwani. "Wenzao wamelala ndani, wao wako nje wanawalinda."

"Wataingia lini?"

"Zamu ikiisha."

Fadul akafuta kamasi, akaridhika. Lakini kwa hasira aliyokuwa nayo alikuwa ameshaing'ata kokwa moja, na alama ya jino lake la mbele ikabaki upande wake. Bakhita alimfinya sikio kwa hilo, akairudisha kapuni. Baadaye, akigawa kokwa kwenye misiba ya watu, kidole chake kikiipata ile yenye jino alikuwa anatabasamu kidogo, na waliomwona walidhani ni mwanamke asiyeogopa mauti.

Fadul alikua, akaoa Sitti, msichana mpole wa Lindi, akapata binti. Vita vikaja, Keya, jeshi la Waingereza, wakamchukua kama walivyomchukua babu yake, akapelekwa Burma kabla binti hajajua kusimama. Vita vikaisha. Waliorudi walirudi na mabuti na hadithi ndefu. Fadul hakurudi, ila rafiki yake Murjan alikuja, akaketi mkekani kwa Bakhita, akapewa kahawa, asiweze kuinywa.

"Mama, mto ulikuwa umefurika," akasema. "Nilimshika mkono. Niliushika sana, mama. Ukateleza." Akautazama mkono wake mwenyewe. "Niliona maji yanampeleka, na huko chini ya mkondo tulimtafuta mpaka tukaamriwa tuache."

"Kunywa kahawa, mwanangu," Bakhita akamwambia. "Inapoa."

Sheikh akasema kuna shahidi aliyeona kwa macho yake, basi kijana asomewe, na mkewe akae eda yake kama mwanamke yeyote aliyefiwa. Wanaume wakasoma yao msikitini. Bakhita naye akasema sawa, wanawake waje.

Wakaja tisa, Sitti akiwa mmoja wao. Bakhita akawatazama huku na huku kama mtu anayehesabu kuku wake magharibi.

"Tisa," akasema. "Namba imekataa. Mtakuja siku nyingine."

Kila mtu alijua tisa inakataa, kwa hiyo wakajifunga nguo zao wakaondoka. Mabrouka peke yake, jirani yake tangu utoto, ndiye aliyesimama ghafla njiani. Mbona siku zote namba ikikataa Bakhita alikuwa anatuma jirani aitwe? Juma lililofuata akawakusanya wanawake yeye mwenyewe, akawahesabu njia nzima, akawaingiza kwa Bakhita wakiwa kumi kamili pamoja na Sitti.

Bakhita akahesabu. Akahesabu mara ya pili, na uso ukamshuka.

"Sitti," akasema, "mtoto analia. Nenda jikoni ukamwangalie."

Mtoto alikuwa amelala chali jikoni na kinywa wazi, na mlango uko wazi kila mtu anamwona. Sitti akamtazama mama mkwe wake, akasimama, akaenda. Wakabaki tisa, na namba ikakataa.

Wenzake walipoondoka Mabrouka alibaki. "Bakhita, dada yangu," akasema, "kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Sisi tumekaa mlangoni tunakungoja wewe."

"Mfiwa ni nani hapa? Mimi sijafiwa. Mimi nina mtoto aliyechelewa."

Mabrouka alimshika bega kidogo akaenda zake.

Kila jioni Bakhita alimwekea Fadul gurusa, mkate wa Kinubi, na mchuzi, akafunika sahani kwa tabaga, kile kifuniko cha ukindi cha rangirangi alichokisuka mwenyewe. Asubuhi aliwapa kuku. Kati ya jioni na asubuhi hizo Sitti ndiye aliyekuwa anakauka. Si mke, si mjane. Hakujipaka mafuta ya ndoa, wala hakuvaa nguo ya eda. Baba yake alituma watu kutoka Lindi mara mbili kuuliza binti yao anahesabiwa wapi, nao wakarudi na jibu la adabu lisilo na kitu ndani. Sitti mwenyewe hakuuliza. Alitwanga, alifua, alimsuka mama mkwe wake nywele, na siri ya mtungi aijuaye kata: yeye ndiye aliyekuwa anaosha ile sahani.

Kulikuwa na mwanamke mmoja wa Kawangware, Wangoi, Mkikuyu, aliyekuja Makina na viazi vitamu mgongoni, kamba imekaa kwenye paji la uso. Urafiki wake na Bakhita ulianza kwa ugomvi wa bei, ukaendelea hivyo hivyo kwa ugomvi. Asubuhi moja alimkuta akiwamwagia kuku mchuzi mzuri wa nyama.

"Mama Fadul, hawa kuku yako wanakula kushinda mimi."

Bakhita alimwambia ni sahani ya nani. Hata yeye hakujua kwa nini alimwambia mwuza viazi jambo ambalo hakumwambia sheikh. Wangoi akateremsha mzigo, akakaa juu yake.

"Mimi, mzee wangu Ng'ang'a alichukuliwa vita ile ya kwanza, kubeba mizigo ya Wazungu mpaka Tanganyika. Kaburi sijui iko wapi. Nilikuwa naweka kiazi yake kila siku. Inaoza. Naweka ingine. Mwisho nikaona nalisha panya, na panya wamenona kushinda watoto."

Bakhita akacheka, na kicheko kikamtoka na machozi. "Uliacha lini?"

"Sikuacha. Siku moja nilisahau tu. Jioni nikakumbuka nimesahau, nikalia. Nililia kwa hiyo kusahau." Wangoi akasimama akavuta kamba yake pajini. "Lakini mimi nilikuwa peke yangu, Mama Fadul. Mimi sikuwa na bibi ya mtoto amesimama mlangoni anangoja mimi nimalize."

Bakhita alinunua viazi vyake siku hiyo bila kugombana. Wangoi alikwenda nyumbani na wasiwasi.

Mvua za masika zilipokatika Mabrouka akawakusanya tena. Safari hii hakuhesabu. Alichoka kumtega rafiki yake, akasema waje watakaokuja na Mungu ajue. Walikaa sebuleni wamegusana magoti, na Wangoi aliyekuwa amepita na viazi vyake akasimama mlangoni akitafuta wa kumuuzia. Bakhita akatoka na kapu akaliweka chini. Akaanza kuhesabu kwa Mabrouka, akazunguka, akaishia kwa Sitti. Kumi na tatu. Mkorofi mwenyewe. Bakhita akashusha pumzi, na kila aliyekuwepo aliona kwamba ni pumzi ya mtu aliyepona.

Hakuwahi kusema namba imekataa. Sitti alikuwa ameshasimama.

"Mama, mimi nitakaa jikoni," akasema taratibu. "Nikitoka mtakuwa kumi na wawili, na hao pia inawakataa. Usihangaike kutafuta neno. Pumzika tu, mama. Mimi nitangoja."

Bakhita akamtazama binti huyo, viganja vyake vilivyopasuka kwa kufua, shingo iliyokonda, akaelewa kwamba mkamwana wake amejifunza sabini elfu yote, anayependwa na anayechukiwa, hapo jikoni peke yake, kila aliporudishwa huko. Amejifunza apate kumsaidia kuikataa hitima. Uchungu uliompata Bakhita hapo haukuwa wa Fadul. Wa Fadul alikuwa nao tayari, ameufungia ndani muda wote huo. Huu ulikuwa wa mtoto wa watu.

"Kaa chini, Sitti," akasema.

"Mama, tuko kumi na watatu."

"Kaa chini, mwanangu. Tuko kumi na nne."

Akasogeza kapu mbali na miguu yake, akajipenyeza kati ya Sitti na mwanamke wa Kambi Muru, akakaa mkekani kama msomaji. Tangu kapu hilo lilipotoka Sudani hakuna aliyewahi kumwona mwenye kapu akikaa na wasomaji.

"Na kapu atashika nani?" mmoja akauliza.

Bakhita akainua uso, akamwona Wangoi mlangoni. "Wewe njoo, teremsha mzigo wako."

"Mimi ni mtu wa misheni, Mama Fadul. Maneno yenu sijui."

"Kapu halisemi maneno. Wewe pokea tu."

Basi Wangoi wa Kawangware akaketi katikati ya wanawake wa Kibra na kapu mapajani, kamba ya mzigo imemwachia alama kwenye paji, akagawa kama alivyoelekezwa: hamsini, hamsini, hamsini, hadi kapu likawa tupu na hakuna kokwa iliyokosa mwenyewe. Tahalili zikaanza. Mwanzoni kila sauti ilikwenda peke yake, kisha zikaingiana, na kokwa zikaanza kuanguka moja moja kapuni. Jua lilitoka ukuta huu likahamia ule. Wanawake wakamaliza wa kwanza, wa pili, wa tano, wakakaa wakingoja na mikono mitupu. Sitti akamaliza. Mabrouka akamaliza.

Bakhita alikuwa amebakiwa na moja. Alikuwa ameijua tangu Wangoi alipomtilia fungu lake kiganjani, maana kidole chake kiliipata mara moja. Aliisoma mia yake ya mwisho polepole, midomo ikitikisika tu. Ilipotimia hakuitia kokwa kapuni. Aliifunga ndani ya ngumi, kidole gumba kikisugua ile alama ya jino.

Hakuna aliyemharakisha. Wangoi alisogeza kapu kidogo, akalishika hapo hapo karibu naye bila kumtazama.

"Zamu imekwisha, mwanangu," Bakhita akasema. "Ingia ndani ulale."

Akafungua ngumi. Kokwa ikaangukia wenzake, na Sitti ambaye hakuwa amelia mbele ya mtu tangu Murjan alipokuja, akaangukia mapajani kwa mama mkwe wake akalia kwa sauti. Bakhita naye akalia, akimpapasa mgongo, na wanawake wakalia nao, kwa kuwa sasa mfiwa alikuwa ameanza.

Walipotulia, Bakhita aliinuka akaingia chumbani. Akatoka na nguo nyeupe ya eda, akaikunjua, akamfunika Sitti kuanzia kichwani kwa mikono yake mwenyewe. Ilikuwa imepindwa pembe zote, mishono midogo midogo ya mkono wa Bakhita, na uzi wake umeanza kugeuka manjano kwa kukaa. Sitti akaupapasa upindo ule kwa kidole.

"Uliishona lini, mama?"

"Jioni ile ile," Bakhita akasema, "Murjan alipoondoka akaiacha kahawa."

Jua lilipotua Sitti alipakua gurusa na mchuzi. Alimpa Wangoi, akampa Mabrouka, akampa mama mkwe wake, akala na binti yake sahani moja. Tabaga ilibaki imetundikwa ukutani.